Barua ya wazi kwa Manispaa ya Lindi: mawe ya zamani ya mpaka yatafutwe kabla greda halijapita

Kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Lindi,
Kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi, Mkoa wa Lindi,
Nakala: Idara ya Malikale, watendaji wa kata za mji wa zamani.

YAH: KUTAFUTA, KUORODHESHA NA KULINDA MAWE YA ZAMANI YA MPAKA NDANI YA MJI WA LINDI

Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Kamishna,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kila kiangazi mji wetu huchimbwa. Barabara za ndani zinachongwa, mitaro inafukuliwa, mabomba ya maji yanalazwa, na viwanja vya zamani vinapimwa upya ili wenyewe wapate hati. Kazi hizi zinatakiwa, na hatuandiki kuzipinga. Tunaomba jambo moja: kabla mtambo haujagusa ardhi ndani ya mji wa zamani, pawe na orodha ya pembe ambazo mawe ya mpaka ya enzi ya Mjerumani na Mwingereza yanatarajiwa kuwepo, na kila pembe ichunguzwe kwa mkono. Jiwe la mpaka lina thamani likiwa pale pale lilipopandwa. Likishang'olewa, hata likiwa zima na namba yake inasomeka, kwa mpima ni kokoto kubwa tu.

Tunalisema hili mapema kwa sababu wazo linalowajia wengi, tena kwa nia njema, ni kuyakusanya mawe hayo na kuyapanga kwenye bustani ya manispaa au kuyapeleka makumbusho. Tafadhali msifanye hivyo. Mji wa Washington, Marekani, ulizungushiwa mawe 40 mwaka 1791 na 1792, kila maili moja jiwe moja, na mengi bado yapo mahali pake. Kuanzia 1915 yalianza kujengewa uzio wa chuma pale pale yalipo: nyuma ya nyumba za watu, makaburini, kando ya barabara. Jiwe moja lilizolewa na buldoza mwaka 1952 wakati wa ujenzi wa maduka, na leo mahali pake pana kibao tu. Yale yaliyozungushiwa uzio wa nondo chache bado yanapimwa hadi leo. Hilo la kibao halipimwi.

Kwa Lindi, mawe tunayoyazungumzia yana tabaka zaidi ya moja. Wajerumani waliuchukua mji kwa nguvu Mei 1890 na waliutoka Septemba 1916 Waingereza walipoingia. Katikati yake, tangazo la Novemba 1895 lililoifanya ardhi isiyo na mwenyewe kuwa ya serikali lilizaa kazi ya kuweka mipaka, maana huwezi kusema hiki ni cha serikali na kile ni cha mtu bila kuonyesha kinapoishia. Waingereza nao walikuja na sheria ya miji ya 1920 na Sheria ya Ardhi ya 1923. Mali za Wajerumani zilizotwaliwa baada ya vita ziliuzwa kwa wenye wapya, na mara nyingi mnunuzi alipokea kiwanja kwa mipaka iliyokwisha kupandwa. Kisha kikaja kimbunga cha Aprili 1952, kikaangusha sehemu kubwa ya majengo, na ujenzi uliofuata haukufuata kuta za zamani kila mahali. Kwa hiyo msishangae pembe moja ikitoa mawe mawili yaliyoachana kwa hatua moja. Yote mawili yanaweza kuwa ya kweli, kila moja kwa upimaji wake.

Kosa la kwanza ambalo timu nyingi hulifanya ni kuanza na sururu. Kazi hii huanza mezani, na meza ndiyo inayokula muda mwingi.

Anzeni na matangazo ya mipaka ya mji katika Gazeti la Serikali la enzi ya Mwingereza. Humo mpaka huelezwa kwa maneno: kuanzia jiwe fulani lililo ufukweni, kwa upande fulani, futi kadhaa, hadi jiwe linalofuata, mpaka unaporudi ulikoanzia. Maneno hayo ni dhahabu, kwa kuwa namba imeandikwa na mtu aliyesoma kitabu cha mpima, haikupimwa kwa rula juu ya ramani. Baada ya hapo zifuatwe ramani za upimaji zilizoko Wizara ya Ardhi, kisha mafaili ya Kijerumani yaliyo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Nyaraka za wizara ya makoloni ya Ujerumani zipo Berlin, katika kumbukumbu za taifa la Ujerumani, fungu la R 1001. Picha za anga za idara ya Uingereza ya upimaji wa makoloni, iliyoundwa 1946, zinatunzwa Edinburgh. Picha hizo hazionyeshi jiwe, jiwe ni dogo mno, lakini zinaonyesha ua, njia na safu za minazi zilizofuata mpaka kabla nyumba hazijabanana.

Msipoteze muda na ramani ya Kijerumani ya 1:300,000. Ni nzuri kuitundika ofisini, ila milimita 1 juu yake ni mita 300 ardhini. Hata ile ya 1:50,000, upana wa mstari wa nusu milimita ni mita 25. Kinachotakiwa ni michoro ya viwanja ya 1:1,000 au 1:2,000, na hata hiyo isomwe kwa namba zilizoandikwa juu yake, siyo kwa kuipima. Karatasi ya zamani husinyaa, tena haisinyai sawa urefu na upana. Mchoro wa sentimita 50 uliosinyaa kwa nusu asilimia umepungua milimita 2.5, na kwa 1:1,000 hizo ni mita 2.5 za ardhi. Kwa mita mbili na nusu unachimba ndani ya sebule ya jirani. Mchoro ukipigwa picha kwa simu ndiyo kabisa, kwani lenzi hupinda kingo. Uchanganuliwe kwa skana bapa ya mezani, ukiwa umelala, na rula iwekwe kando yake pande mbili.

Mwandiko wa Kijerumani una mitego yake. Namba 1 huandikwa na mkia mrefu wa kupanda hadi asiyeuzoea anaisoma 7, ilhali 7 yenyewe mara nyingi hukatwa mstari katikati. Herufi e ya mwandiko wao wa zamani inafanana na n. Mtu mmoja asome, mwingine asome bila kuona alichoandika wa kwanza, kisha walinganishe. Namba mbili zisipolingana, msichukue wastani. Rudini kwenye karatasi.

Kisha kuna vipimo vyenyewe. Michoro ya Kijerumani iko kwa mita. Ya Kiingereza iko kwa futi, au kwa cheni na viungo vyake: cheni moja ni futi 66, sawa na mita 20.1168, na ina viungo 100. Hatari iko pale namba inapoandikwa peke yake bila kutajwa kipimo. Chukueni 198. Ikiwa ni futi, ni mita 60.35, yaani cheni 3 kamili, na ukamilifu huo ni dalili kwamba ndivyo mpima alivyokusudia. Ikiwa ni viungo, ni mita 39.83. Tofauti ni zaidi ya mita 20. Njia ya kuhakikisha ni kukokotoa eneo la kiwanja kwa kila kipimo na kulilinganisha na ekari zilizoandikwa kwenye mchoro au kwenye hati, maana ekari 1 ni mita za mraba 4,046.86 na haikubali kudanganywa.

Tukifika kwenye majira ya ramani, yaani namba zinazotaja mahali jiwe lilipo, ndipo kazi nyingi huharibika, na huharibika kimyakimya. Upimaji wa Tanzania kwa miaka mingi umetumia mfumo wa Arc 1960, na Lindi iko ukanda wa 37 Kusini wa UTM, mgawanyo wa dunia kwa kanda za ramani. Simu na GPS za mkononi hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Mtu akichukua majira ya jiwe kutoka kwenye orodha ya zamani na kuyaingiza kwenye simu bila kuyabadilisha, simu itampeleka karibu mita 300 kaskazini ya mahali penyewe na kati ya mita 90 na 100 magharibi yake. Atachimba kwa bidii, hatapata kitu, na ataandika kwenye fomu kwamba jiwe limepotea. Kwa hiyo fomu yoyote mtakayotengeneza iwe na nafasi ya kuandika mfumo wa majira, na isiyojazwa nafasi hiyo irudishwe. Majira ya siku hizi ya TAREF11, mfumo mpya wa Tanzania, yaandikwe kwa jina lake, yasichanganywe na ya Arc 1960 katika safu moja. Na hata majira yakiwa sahihi, simu yenyewe hukosea mita 3 hadi 5 palipo wazi, na zaidi chini ya mwembe au kati ya ghorofa. Simu inafaa kukufikisha mtaani. Kwa kukufikisha kwenye jiwe unahitaji mashine za mpima.

Mchoro usio na majira kabisa, na ya Kijerumani mingi iko hivyo, huunganishwa na ardhi kwa vitu ambavyo vipo kwenye mchoro na bado vimesimama: pembe za magofu ya boma, msikiti wa zamani, kuta za mawe za maghala, pembe za makaburi yaliyojengewa. Vitu 4 ndivyo kiwango cha chini, na visiwe kwenye mstari mmoja, tena vizingire eneo mnalotafuta. Vikiwa vyote upande wa bahari na mnatafuta upande wa mlimani, kosa dogo la pembe hukua kadiri mnavyokwenda mbali: kosa la digrii 1 tu katika mita 100 ni mita 1.75. Ndiyo maana pia hatushauri kutegemea pande za dira zilizoandikwa kwenye michoro. Kaskazini ya sumaku huhama miaka hadi miaka, na dira ya leo haisomi alichosoma mpima wa 1905. Ukutani pia kuwe na tahadhari, kwa sababu plasta mpya juu ya ya zamani inaweza kuongeza sentimita 3 hadi 5, na anayepima pembe ya nyumba kutoka picha ya anga anapima paa, siyo msingi.

Baada ya kulinganisha, kokotoo litasema vitu vile 4 vinakubaliana kwa kiasi gani. Mabaki, yaani tofauti inayosalia kati ya mchoro na ardhi, yakiwa sentimita 60, tafuteni ndani ya duara la mita 1.8, mara tatu yake. Yakizidi mita 2, msiende uwanjani. Kuna kitu kimoja kati ya vile kimejengwa upya au kimesomwa vibaya, na kinatakiwa kipatikane kwanza.

Uwanjani timu ya watu wanne inatosha: mpima aliyesajiliwa, msaidizi wa utepe, mchimbaji mmoja mwenye mkono mwepesi, na mwandishi ambaye kazi yake ni kuandika tu. Wapangiwe pembe nne kwa siku, zisizidi. Vifaa ni vya kawaida: mashine ya kupimia pembe na umbali, utepe wa chuma wa mita 30, timazi, pima maji, vigingi na uzi wa waashi, mwiko, beleshi, ndoo mbili, turubai la kuwekea udongo, brashi laini, rula ya picha, na nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 1.2 iliyochongwa ncha. Utepe wa plastiki uachwe nyumbani, unavutika. Kwenye miteremko inayopanda nyuma ya mji utepe ushikwe mlalo kwa pima maji na timazi, maana katika mteremko wa nyuzi 10 utepe wa mita 30 uliolazwa ardhini unatoa mita 29.54 tu, umekula sentimita 46.

Ile nondo ndiyo jicho la kazi. Weka mraba wa mita 2 kwa mita 2 juu ya mahali panapotarajiwa, chomeka kila sentimita 20, jumla ni matobo 121. Inasukumwa kwa mikono miwili na uzito wa mwili. Haipigwi nyundo, kwa sababu chini ya mji huu kuna mabomba na nyaya ambazo hazipo kwenye ramani yoyote. Sikiliza mkono wako. Jiwe la matumbawe, ambalo limejaa kote kwenye ardhi ya pwani, husaga na ncha huteleza au huzama kidogo. Zege au jiwe lililochongwa husimamisha nondo ghafla, na ukichomeka sentimita 10 pembeni unakutana na kina kile kile, kwa kuwa kichwa chake ni bapa. Matobo matatu ya jirani yakigota kwenye kina kimoja, chimba. Yakigota kwenye vina tofauti, ni mwamba au kifusi.

Shimo liwe mita 1 kwa 1, lishushwe sentimita 10 kwa wakati, hadi sentimita 80. Udongo wote uende kwenye turubai. Usitumie jembe kwenye sentimita za mwisho, tumia mwiko. Kichwa kikionekana, safisha kwa brashi na maji, si kwa brashi ya waya wala tindikali, na asitokee mtu wa kulipaka rangi nyekundu ili lionekane. Maandishi yaliyolika husomeka saa 1 asubuhi au saa 11 jioni mwanga ukiwa wa ubavuni. Saa 6 mchana hutaona kitu. Tochi ikilazwa pembeni usiku inafanya kazi hiyo hiyo. Tafuta msalaba uliochongwa, tundu, au ncha ya chuma katikati, maana hapo ndipo mpaka ulipo. Ukingo wa jiwe sio mpaka.

Sasa swali gumu: je, jiwe lipo mahali pake, au kuna fundi aliyeling'oa akachimba mtaro wake kisha akalirudisha kwa heshima, nusu mita pembeni? Liangalie shingo. Sehemu iliyokuwa juu ya ardhi ina rangi tofauti na iliyokuwa chini, na mstari huo unapaswa kuwa mlalo. Ukiwa umeinama, jiwe liliegemea au limepandwa upya. Ikiwa lina msalaba, mikono yake huenda inaelekea kwenye mistari ya mpaka. Ikiwa imegeuka nyuzi 40, uliza kwa nini. Halafu angalia udongo unaolizunguka. Ukikuta mfuko wa rambo umebanwa ubavuni mwa jiwe la Mjerumani, huhitaji mtaalamu wa mambo ya kale kukuambia kwamba limehamishwa, na mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo una hata makadirio ya lini. Vifuniko vya soda, vipande vya vigae vya kisasa, saruji mpya, vyote ni mashahidi.

Jiwe likiwa halipo, bado kuna la kutafuta. Shimo la zamani lililojazwa huacha doa la udongo wa rangi nyingine, hata baada ya miaka mia, na katikati ya doa hilo ni ushahidi unaopimika. Tena katika upimaji wa Kijerumani ilikuwa desturi kuzika alama ya pili chini ya jiwe: chupa, kigae cha udongo uliochomwa au kipande cha bomba, ili jiwe likipotea alama ibaki. Kwa hiyo pale ambapo jiwe limeng'olewa, shimo liendelee polepole. Pale ambapo jiwe limesimama, mtu asichimbue chini yake kwa udadisi. Kulichimba chini ndiyo njia ya uhakika ya kuliinamisha.

Hapo tunafika kwenye tatizo ambalo halimo katika vitabu vya upimaji. Kote kusini kuna imani kwamba msalaba uliochongwa na Mjerumani unaonyesha alikozika mali. Watu wanakuja na vipimo vya chuma usiku, wanatafuta rupia na zebaki, wanaacha mashimo na mawe yamepinduliwa. Ikisikika kwamba chini ya mawe kuna chupa zilizozikwa, mawe yaliyobaki yatakwisha katika msimu mmoja. Kwa hiyo tunashauri majira kamili ya kila jiwe yasitangazwe kwa umma. Umma upewe mtaa na picha. Majira yabaki ofisini. Mwenyekiti wa mtaa na wenye nyumba jirani waitwe shimo linapofunguliwa, waone kwa macho yao kilichomo na kisichokuwemo, na shimo lifukiwe siku ile ile. Shimo lililolala wazi usiku mmoja linazaa uvumi wa mwaka mzima.

Hofu ya pili ni ya wenye viwanja, nayo ni halali. Mtu akiona watu wa ardhi wanachimba pembeni ya ukuta wake, anawaza kubomolewa. Manispaa itoe tamko la maandishi, lisomwe kwenye mikutano ya mitaa kabla ya kazi: kupatikana kwa jiwe la 1910 hakubadilishi mpaka wa hati ya leo. Mpaka wa leo unasimamiwa na ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Jiwe la zamani ni kumbukumbu, na pale ambapo ramani ya leo ilijengwa juu ya mawe yale yale, ni ushahidi wa kuitafsiri, kazi inayofanywa na mpima aliyesajiliwa kwa utaratibu wa sheria, si na timu ya utafutaji pale uwanjani. Bila tamko hilo watu watayang'oa wenyewe kabla hamjafika, na hatutawalaumu.

Kuhusu ulinzi wa kisheria, kuna pengo. Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, zinakataza kuharibu alama za upimaji na za mpaka. Lakini ofisi nyingi huziona kama za bikoni zinazotumika, na jiwe lisilo kwenye ramani ya sasa hubaki yatima. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 nayo kwa kawaida inalinda vilivyojengwa kabla ya 1863, na mawe yetu yote ni ya baadaye. Yanaweza kulindwa Waziri akiyatangaza, na tangazo linahitaji orodha, orodha ambayo haipo. Wakati hilo likisubiriwa, Baraza la Madiwani linaweza kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Kifungu kimoja kinatosha: jiwe lililoorodheshwa lisisogezwe bila kibali cha maandishi cha mpima wa Manispaa.

Linalowezekana mwaka huu bila kusubiri sheria yoyote ni mikataba ya ujenzi. Mkandarasi anayepewa kazi ndani ya mji wa zamani akabidhiwe ramani yenye miduara ya mita 3 kuzunguka kila pembe iliyo kwenye orodha. Ndani ya duara asiingize greda wala kijiko. Achimbe kwa mkono. Akikuta jiwe, asimame sehemu hiyo kwa saa 48 na kazi nyingine iendelee. Gharama ya kusimama iwekwe kwenye mchanganuo wa bei tangu zabuni, kwa kuwa mkandarasi anayeona jiwe linamkatia pesa atalifukia kabla mhandisi hajashuka kwenye gari. Jiwe lililo katikati ya barabara mpya lisipandishwe wala lisitolewe. Liachwe chini, lifunikwe kwa mchanga sentimita 20, kisha juu yake pawekwe kisanduku cha chuma chenye mfuniko, kama kile cha vali ya maji. Wauza vyuma chakavu wataupenda mfuniko huo, kwa hiyo uwe wa zege.

Rejesta yenyewe iwe na makundi manne, yasipungue: limepatikana mahali pake, limepatikana limehama, halikuonekana, limethibitika kuharibiwa. Kundi la tatu na la nne watu huyachanganya, na mkanganyiko huo ni mbaya kwa sababu "halikuonekana" maana yake mwingine arudi na hesabu bora, na "limeharibiwa" maana yake asirudi. Kwa kila jiwe ziwepo picha 5, pande nne na juu, rula ikionekana, na umbali tatu kwenda kwenye vitu vya kudumu. Mti sio kitu cha kudumu. Nguzo ya umeme pia siyo. Nakala tatu za rejesta: Manispaa, ofisi ya ardhi ya mkoa, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Kwa ratiba, karatasi zishughulikiwe kuanzia Desemba hadi Aprili wakati mvua zinanyesha na uwanjani hakuna kazi. Uchimbaji uanze mwishoni mwa Mei, mvua zikishakatika na udongo bado unapokea nondo. Ukifika Septemba ardhi imekauka, kila tobo linagota, na matokeo yake hayaaminiki.

Tunaomba majibu ya maandishi, yakiambatana na orodha ya barabara na mitaro itakayochimbwa ndani ya mji wa zamani katika mwaka huu wa fedha, ili pembe zilizo kwenye njia ya kazi hizo zianze kuhesabiwa kabla ya nyingine.

Wenu katika kazi,

Wapima ardhi na wafuatiliaji wa ramani za zamani,
Lindi